Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Safari ya Mkutano wa Ugatuzi kutoka Diani hadi Homa Bay

Aprili 2014, magavana wa kwanza wa Kenya walikuwa wametimiza mwaka mmoja tu madarakani. Wengi wao walikalia ofisi zilizoachwa na madiwani, wakiwa na wafanyakazi waliowarithi kutoka mabaraza ya zamani na madeni ambayo hawakuyakopa wao. Huko Embu, Gavana Martin Wambora alikuwa ameng'olewa na bunge la kaunti yake, Seneti ikaunga mkono, na kesi ilikuwa bado mahakamani. Wahudumu wa afya walikuwa wamegoma Desemba iliyotangulia wakipinga kukabidhiwa kwa kaunti. Serikali mpya 47 zilikuwa zimezaliwa kwa siku moja, na wapo waliozitabiria kifo.

Ndipo magavana, wawakilishi wadi, maseneta, mawaziri na wahisani walipofunga safari kwenda Diani, Kaunti ya Kwale, kwa mkutano wa kwanza wa kila mwaka wa ugatuzi. Mwenyeji wao alikuwa Gavana Salim Mvurya.

Mkutano huo ungeweza kufanyika Nairobi bila shida yoyote. Nairobi ina Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, lililokamilika 1973, ina hoteli zisizohesabika, na wengi wa waliotakiwa kuhudhuria wana nyumba huko. Badala yake wageni waliteremshwa Pwani ya kusini, katika kaunti ambayo Tume ya Ugavi wa Mapato ilikuwa imeiorodhesha miongoni mwa 14 zilizotengwa kwa miaka mingi na zilizostahili fedha za kusawazisha maendeleo. Diani ilikuwa na fahari ya hoteli za kitalii ufuoni. Bara yake ilikuwa na vijiji ambavyo maji ya bomba yalikuwa bado ndoto. Mgeni aliyetoka Nairobi kuzungumzia usawa hakuhitaji takwimu. Ilimtosha kuvuka barabara ya lami.

Uamuzi wa kwenda Kwale, na wa kuhama kila mara kwenda kaunti nyingine, naona umezidi uzito maazimio mengi yaliyosomwa katika mikutano yenyewe. Kenya ilikuwa imezoea serikali inayoita watu waifuate. Mkutano wa Ugatuzi uliigeuza desturi hiyo, serikali ikawa ndiyo inayopiga hodi. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, lazima turudi nyuma hadi siku serikali za mitaa zilipoanza kunyang'anywa madaraka yake moja baada ya jingine.

Majimbo yaliyozimwa

Katiba iliyoiingiza Kenya katika uhuru 1963 iliigawa nchi katika majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake na rais wake. Jimbo la Pwani liliongozwa na Ronald Ngala, kiongozi wa chama cha KADU na mtetezi mkuu wa mfumo huo. Ngala na wenzake walihofu kwamba jamii ndogo zingemezwa na serikali moja yenye nguvu Nairobi. KANU, chini ya Jomo Kenyatta, iliona majimbo kuwa kizuizi cha umoja na mpango ghali usiotekelezeka.

Mabishano hayo hayakuchukua muda mrefu. Fedha za majimbo zilipitia serikali kuu, na serikali kuu haikuwa na haraka ya kuzitoa. Tom Mboya, aliyekuwa Waziri wa Sheria na Masuala ya Katiba, ndiye aliyeuongoza bungeni mswada wa kubadilisha katiba. KADU ikajivunja Novemba 1964, na Kenya ilipotangazwa jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka huo, majimbo yalikuwa yamekwisha nguvu. Miaka miwili baadaye Seneti nayo ikaunganishwa na Bunge la Wawakilishi.

Kilichobaki kilikuwa mabaraza ya kaunti na ya miji. Haya nayo yalipata pigo lake. Sheria ya 1969 iliyaondolea mabaraza ya kaunti elimu ya msingi, afya na barabara, yaani yale hasa ambayo mwananchi huyaulizia, na kuyapeleka kwa wizara Nairobi. Mabaraza ya mashambani yakabaki na masoko, vichinjio na leseni. Hata mji mkuu haukusalimika: 1983 Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa, na kwa karibu miaka 10 jiji likaendeshwa na tume iliyoteuliwa badala ya madiwani waliochaguliwa na wakazi. Mwenye sauti mashinani alikuwa mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya alimjibu mkuu wa mkoa, naye mkuu wa mkoa akamjibu Rais.

Ajabu ni kwamba ugatuzi ulifufuliwa kwenye mkutano. Kuanzia 2003, wajumbe zaidi ya 600 walikusanyika Bomas of Kenya, Nairobi, kuandika katiba mpya chini ya uenyekiti wa Profesa Yash Pal Ghai. Kila wilaya ilituma watu wake, na wengi walikuja na dai moja: madaraka na fedha vishuke. Kamati iliyopewa jukumu hilo iliongozwa na Dkt. Crispin Odhiambo-Mbai, mhadhiri wa siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Tarehe 14 Septemba 2003 aliuawa kwa kupigwa risasi nyumbani kwake. Wajumbe walimwomboleza, kisha wakarudi kazini, na rasimu yao ikatoka ikiwa na ugatuzi ndani yake.

Safari haikuishia hapo. Rasimu iliyobadilishwa ilikataliwa na wananchi katika kura ya maoni ya 2005. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikaonyesha gharama ya kuurundika uwezo wote katika ofisi moja inayogombewa kama uhai. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya wakapitisha katiba mpya, nayo ikazinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo. Kaunti zikawa 47. Kila mwaka zingepata angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Afya ilirudi mashinani, pamoja na kilimo, maji na barabara za vijijini. Sheria ya 2012 kuhusu uhusiano wa serikali kuu na za kaunti ikaunda Baraza la Magavana. Uchaguzi wa Machi 2013 ulipofanyika, mabaraza 175 ya zamani yalifikia kikomo, na magavana wakaapishwa.

Waliokutana Diani mwaka mmoja baadaye walikuwa warithi wa historia hiyo yote. Walikutana kwenye Pwani ya Ngala, nusu karne baada ya jimbo lake kuzimwa.

Kisumu, Meru, Naivasha

Mwaka uliofuata, Aprili 2015, zamu ilikuwa ya Kisumu chini ya Gavana Jack Ranguma. Wageni walikutana katika Chuo cha Wafanyakazi cha Tom Mboya. Kutoka Pwani ya Ngala mkutano ukawa umehamia Nyanza ya Mboya, katika chuo chenye jina la waziri aliyeusimamia mswada uliozima majimbo. Mboya alikuwa mzalendo aliyeamini kwamba taifa changa lingejengwa haraka zaidi likiongozwa kutoka mahali pamoja. Nusu karne ilikuwa imelijibu wazo hilo. Kisumu, bandari ya ziwa iliyofikiwa na reli 1901, ilikuwa imeona viwanda vikifungwa na meli zikitia nanga bila kazi, na wakazi wake walikuwa na hakika kwamba uamuzi ulifanywa mbali nao.

Isaac Ruto wa Bomet, mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana, alikuwa amezunguka nchi tangu 2014 na kampeni ya Pesa Mashinani, akitaka katiba ibadilishwe ili kaunti zipate asilimia 45 ya mapato badala ya 15. Upande wa pili alikuwepo Anne Waiguru, Waziri wa Ugatuzi na Mipango, sauti ya serikali kuu. Mivutano ya pande hizo mbili ilijaza magazeti. Mwaka wa kwanza wa kaunti, 2013/14, mgao wao ulikuwa shilingi bilioni 190. Kila mwaka uliofuata ulianza na vita vya kiasi, na fedha zilipokubaliwa, vita vya pili vilikuwa vya kuzitoa kwa wakati.

Aprili 2016 mkutano ulikwea hadi Meru. Gavana wake, Peter Munya, alikuwa amechukua uenyekiti wa Baraza la Magavana, kwa hiyo mwenyeji na mwenyekiti walikuwa mtu mmoja. Kila mji mwenyeji huwa na kilio chake, na cha Meru kilijulikana: miraa, zao lililowasomeshea Wameru watoto, lilikuwa limepigwa marufuku Uingereza tangu 2014. Kilimo ni jukumu la kaunti, lakini biashara ya nje iko mikononi mwa serikali kuu. Mkulima wa miraa aliona kwa macho yake mahali ambapo mpaka wa serikali hizo mbili unamkata mwananchi katikati.

Mpaka huohuo ulionekana kwa uchungu zaidi Naivasha, Machi 2017. Madaktari wa hospitali za umma walikuwa wamegoma tangu tarehe 5 Desemba 2016. Kaunti zilisema makubaliano ya mishahara yaliyogombewa yalitiwa saini na serikali kuu; serikali kuu ilisema madaktari ni waajiriwa wa kaunti. Viongozi walipokuwa wakikutana katika taasisi ya mafunzo ya wanyamapori kando ya ziwa, wagonjwa walikuwa wakirudishwa nyumbani kutoka wadi zilizofungwa. Mgomo uliisha tarehe 14 Machi, baada ya siku 100. Mkutano ule ulikuwa wa mwisho kwa magavana wengi wa awamu ya kwanza, kwa maana uchaguzi ulikuwa umebaki miezi mitano.

Mikutano ya Kisumu, Meru na Naivasha ilifanya kazi moja isiyotajwa sana. Rais, mawaziri wake, maseneta na magavana walilazimika kukaa ukumbi mmoja, nje ya mji mkuu, mbele ya watu wa kaunti mwenyeji, na kuambiana ana kwa ana yale ambayo kwa kawaida walitumiana kupitia mawakili na magazeti. Majimbo ya 1963 hayakuwahi kupata mahali kama hapo. Yalikufa kimya kimya, kila moja peke yake.

Hema kwenye uwanja wa shule

Ukiipanga mikutano hii kwa mstari, utaona jambo ambalo wenye kaunti wanalijua vizuri. Wa Kisumu ulifanyika chuoni. Naivasha, taasisi ya mafunzo. Kakamega mwaka 2018, Shule ya Upili ya Kakamega. Kirinyaga mwaka 2019, Chuo Kikuu cha Kirinyaga, karibu na Kutus. Makueni mwaka 2021, Shule ya Wavulana ya Makueni. Homa Bay mwaka 2025, Shule ya Upili ya Homa Bay.

Sababu yake ni historia yenyewe. Kwa nusu karne kumbi za mikutano zilijengwa Nairobi, na hoteli za kitalii zikajengwa Mombasa na Diani. Katika makao makuu ya wilaya, serikali ilijenga ofisi ya mkuu wa wilaya, kituo cha polisi na gereza. Shule ndizo zilizokuwa na uwanja wa kutosha maelfu ya watu, umeme, matangi ya maji na vyoo, na nyingi zilijengwa na wamishonari au kwa harambee za wazazi waliouza kuku na mahindi. Mji ulipoambiwa uwakaribishe magavana 47, ulitazama huku na huku ukaona kitu kimoja kikubwa ambacho wakazi walikuwa wamejijengea. Hema likasimamishwa pale.

Maandalizi ya mji mdogo huanza miezi mingi kabla. Kamati ya kaunti huhesabu vitanda, na hesabu haitoshi. Wenye nyumba za kulala wageni hupaka rangi na kununua magodoro. Barabara ya kuingia shuleni inazibwa mashimo, taa za barabarani zinawekwa, mitaro inazibuliwa. Wageni wanaozidi uwezo wa mji hulala miji jirani na kusafiri alfajiri. Wanabodaboda hupewa maagizo, akina mama wa vibandani huongeza sufuria, wakulima hupata nafasi ya kuuza ambayo soko la kawaida haliwapi. Ndani ya uwanja, kila kaunti huwa na banda lake la maonyesho, na hapo mwakilishi wadi kutoka Wajir anaweza kumsikiliza afisa wa kilimo kutoka Nyandarua akieleza jinsi maziwa yanavyopozwa kabla ya kusafirishwa. Mazungumzo ya mabandani hayapigwi picha za magazeti, lakini kaunti zimeigana mengi kutokana nayo.

Kakamega, Aprili 2018, ilipata jambo la pekee. Mwezi mmoja na nusu ulikuwa umepita tangu Rais Uhuru Kenyatta na kiongozi wa upinzani Raila Odinga washikane mikono mbele ya ofisi za Harambee House tarehe 9 Machi, baada ya uchaguzi uliokuwa umeigawa nchi. Wote wawili walifika Kakamega, katika ngome ya upinzani, kwenye shule inayojulikana kote nchini kwa kandanda. Gavana Wycliffe Oparanya aliwapokea. Wakazi waliokuwa wamesusia marudio ya uchaguzi miezi michache tu kabla walimwona Rais mjini mwao, akija kama mgeni wa kaunti.

Kirinyaga, Machi 2019, ilibeba hadithi nyingine. Mwenyeji alikuwa Anne Waiguru, yuleyule aliyekuwa Waziri wa Ugatuzi wakati wa mikutano ya Diani na Kisumu. Uchaguzi wa 2017 ulimfanya mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana, pamoja na Joyce Laboso wa Bomet na Charity Ngilu wa Kitui. Aliyewahi kubishana na magavana kwa niaba ya serikali kuu sasa alikuwa akiidai serikali hiyo fedha za wakulima wake wa mchele na kahawa. Mwaka huo huo maseneta na wabunge walivutana kuhusu mgao kwa miezi kadhaa kabla ya kukubaliana shilingi bilioni 316.5. Kiti cha gavana humfundisha mtu yale ambayo kiti cha waziri humficha.

Wote, mji uliosubiri

Kaunti ya Makueni ilitarajiwa kuwakaribisha wageni Aprili 2020. Tarehe 13 Machi Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na maandalizi ya Wote, makao makuu ya kaunti hiyo, yakasimama. Vitanda vilivyohesabiwa kwa ajili ya wajumbe vikawa si kitu tena. Kila kaunti ilitakiwa kuhesabu vitanda vya wagonjwa. Katika mwaka huo watu wengi walitambua kwa mara ya kwanza kwamba hospitali ya wilaya waliyoizoea sasa ni ya kaunti, na kwamba idadi ya mitungi ya oksijeni ilitegemea gavana wao alifanya nini miaka saba iliyopita.

Mkutano ulifanyika hatimaye Novemba 2021, mada ikiwa mabadiliko ya tabianchi. Hakuna mji uliostahili mada hiyo kuliko Wote. Ukambani wa kusini ni nchi ya mvua chache, mito ya msimu na mabwawa ya mchanga, na Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuweka kisheria mfuko wake wa kukabiliana na tabianchi, ukiamuliwa na kamati za wananchi kuanzia wadi.

Ila uzito wa Wote ulikuwa zaidi ya mada. Mwaka 2014 Gavana Kivutha Kibwana na bunge la kaunti hiyo walitofautiana kuhusu bajeti hadi risasi zikafyatuliwa na watu wakajeruhiwa. Wakazi walisaini ombi la kutaka kaunti yao isimamishwe. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilisikiliza pande zote na kupendekeza ivunjwe. Septemba 2015 Rais Kenyatta alikataa pendekezo hilo. Kama angelikubali, Makueni ingekuwa kaunti ya kwanza kuzimwa, na wale waliokumbuka 1964 na 1983 wangelikuwa na haki ya kusema kwamba mambo ni yaleyale.

Makueni ikapewa nafasi, na ikaitumia. Kibwana alichaguliwa tena 2017. Kaunti ikaanzisha mpango wa afya ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, ikajenga hospitali ya mama na mtoto Wote, na kuanzisha kiwanda cha kusindika maembe Kalamba. Wananchi walikaa vikao vya vijiji kuchagua miradi, na kamati zao zikakagua ujenzi kabla mkandarasi hajalipwa. Wajumbe kutoka kaunti nyingine walikuwa wakifunga safari kwenda kujifunza huko hata kabla ya mkutano.

Mwenyekiti wa Baraza la Magavana wakati huo alikuwa Martin Wambora wa Embu, gavana yuleyule aliyekuwa na kesi ya kung'olewa siku za Diani. Alikuwa ameshinda mahakamani, akachaguliwa tena, kisha wenzake wakamkabidhi uongozi. Kwa hiyo Novemba 2021 kaunti iliyonusurika kuvunjwa iliwakaribisha magavana walioongozwa na mwenzao aliyenusurika kufukuzwa. Kwangu, hapo ndipo ugatuzi wa Kenya ulipothibitisha kwamba umekomaa. Taasisi inayoweza kukosea, ikashtakiwa, ikasikilizwa na kujirekebisha bila kufutwa na mtu mmoja aliye juu, hiyo ina mizizi.

Eldoret na Homa Bay

Agosti 2023 magavana walipanda hadi Eldoret, Kaunti ya Uasin Gishu, kuadhimisha miaka 10 ya ugatuzi. Wazee wa mji bado huuita Sisibo, kutokana na shamba nambari 64 ambapo ulianzia enzi za walowezi. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2024, Rais William Ruto aliutangaza kuwa jiji. Kisumu nayo ilikuwa imeshapiga hatua yake: mji uliowakaribisha wajumbe 2015 chini ya mahema ulipokea Mei 2022 mkutano wa tisa wa Africities, unaowaleta pamoja mameya na viongozi wa serikali za mitaa kutoka bara zima. Mkutano huo ulikuwa umezoea miji kama Abidjan, Dakar, Johannesburg na Marrakech. Kisumu ilikuwa mwenyeji wa kwanza wa daraja la miji ya kati. Anayeanza kwa kumpokea jirani, siku moja humpokea anayetoka mbali.

Kisha ikaja zamu ya Homa Bay, Agosti 2025. Mji huu chini ya Mlima Asego ulikuwa makao makuu ya wilaya ya South Nyanza kwa miaka mingi, na kwa muda huohuo ulijulikana zaidi kwa omena, mbuta na takwimu za kusikitisha za maambukizi ya Ukimwi. Gavana Gladys Wanga alikuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza kaunti hiyo, mmoja wa wanawake saba waliochaguliwa magavana 2022. Mwaka 2025 mji ulipata ugeni mara mbili. Tarehe 1 Juni sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika huko, katika uwanja mpya uliopewa jina la Raila Odinga. Miezi miwili baadaye wajumbe wa ugatuzi wakajaa Shule ya Upili ya Homa Bay.

Mgao wa kaunti mwaka huo ulikuwa umekubaliwa kuwa shilingi bilioni 415, zaidi ya mara mbili ya ule wa mwanzo. Hata hivyo malalamiko ya Homa Bay yangetambuliwa na yeyote aliyekuwa Diani: fedha zinachelewa, majukumu yameshuka lakini baadhi ya fedha zake zimebaki Nairobi, na wabunge na magavana wanagombea pesa za barabara. Raila Odinga alisimama na kusisitiza kwamba kazi ya mbunge ni kutunga sheria na kukagua matumizi, na kwamba maendeleo ya mashinani yaachiwe kaunti. Alikuwa ameupigania msimamo huo tangu siku za Bomas. Tarehe 15 Oktoba 2025 alifariki nchini India, na Homa Bay ikawa mara yake ya mwisho kuhutubia mkutano huo.

Mwenyeji hupona vipi

Wapo wanaouliza kama mikutano hii ina faida kulingana na gharama yake. Swali ni halali. Nauli na posho za ujumbe wa kaunti 47 hutoka katika mfuko uleule unaotakiwa kununua dawa, na mwananchi aliyekosa panado katika zahanati ana haki ya kuhoji kwa nini wawakilishi wake walisafiri kwa siku tano. Jibu haliwezi kuwa hotuba. Lazima liwe kitu ambacho mwenye mji anaweza kukionyesha kwa kidole.

Baadhi ya miji inaweza kuonyesha: lami iliyofika shuleni na ikabaki, taa zinazomwezesha mama wa mboga kufunga biashara saa tatu usiku badala ya saa kumi na mbili jioni, nyumba za wageni ambazo sasa hupokea semina na harusi. Kuna faida nyingine ambayo hailingani na bei yoyote. Mtoto wa Wote au Kutus aliyeona msafara wa Rais ukisimama mbele ya shule yake hukua akijua kwamba mambo ya nchi yanaweza kujadiliwa kwao. Wazazi wake walikua wakijua kwamba yanajadiliwa kwingine.

Kilichobaki dhaifu ni mwendelezo. Kila mkutano humalizika kwa maazimio, na mkutano unaofuata una mji mpya, mada mpya na maazimio mapya. Njia ya kuuimarisha ni rahisi na haihitaji sheria. Kabla mwenyeji mpya hajafungua kikao, mwenyeji aliyetangulia asimame mbele ya wananchi na asome maazimio yaliyopitishwa kwake, moja baada ya jingine: hili limetekelezwa na nani, hili limekwama wapi, fedha hizi zilifika tarehe gani. Waziri wa Fedha awepo ajibu. Gavana ambaye hakutimiza upande wake ajibu pia. Na nafasi ya kuuliza wapewe watu wa mji huo, walimu na wavuvi na wafanyabiashara wa soko, wala isiwe ya wajumbe wenye vitambulisho peke yao.

Majimbo ya 1963 yalidumu chini ya miaka miwili kwa sababu aliyeshika mfuko hakutakiwa kujibu mbele ya yeyote nje ya Nairobi. Kaunti zimevuka miaka 12. Zimevuka kesi, migomo, korona na tamaa za viongozi wenyewe, na katika muda wote huo wakuu wa nchi wamelazimika kusafiri hadi Diani, Kakamega, Wote na Homa Bay kujibu maswali ya watu wanaoishi huko. Ziko kaunti nyingi ambazo bado hazijapata zamu, na nyingine ni zile ambazo serikali zilizopita ziliziona kwenye ramani tu. Mkutano uende huko, hata kama vitanda havitoshi na hema litasimamishwa uwanjani. Kaunti hizo ndizo zilizosubiri kwa muda mrefu zaidi kuitwa mwenyeji, na wananchi wake ndio wanaodai majibu mengi zaidi.